Namba ya Watu Kwenye Kitabu cha Chelagat

Saa kumi na mbili asubuhi, mikebe ya maziwa huwa imepangwa hadi langoni. Chelagat hupokea maziwa katika kituo cha ushirika, Subukia. Hunusa mkebe, huchovya kipimo, kisha huandika kilo kwenye daftari. Kazi hiyo ameifanya kwa miaka kumi na tisa.

Watu hawaleti maziwa tu. Huleta pia habari za nyumbani. Huyu ng'ombe wake amekataa kula. Yule kiwele kimevimba. Lakini habari aliyoisikia mara nyingi zaidi kuliko zote ni ya ndama. Ndama amezaliwa vizuri, wiki ya pili akaanza kuharisha, wiki ya tatu akafa.

Chelagat alikuwa na majibu. Nyumbani kwake, ndama hawakufa ovyo. Aliwaambia watu wampe ndama maziwa ya kwanza, yale mazito ya njano, ndani ya saa sita tangu azaliwe. Aliwaambia wapake kitovu dawa siku hiyohiyo. Aliwaambia watandike nyasi kavu, maana ndama anayelala kwenye tope hawezi kupona. Watu walimsikiliza, wakaenda, wakasahau. Mwaka uliofuata walirudi na habari zilezile.

Ndipo akaanza kuandika. Aliandika Jumapili mchana kwenye daftari za shule, kwa Kiswahili rahisi, ili hata mtu aliyejifunza kusoma juzi aweze kufuata. Ilimchukua miaka miwili. Binti yake, Shantel, aliyekuwa akisoma chuo Nakuru, alipiga maandishi yote kwenye kompyuta. Kilikuwa kitabu cha kurasa sitini na nne. Chelagat alikiita *Ndama Asife*.

Kupiga chapa nakala mia tano kulihitaji pesa. Mumewe, Micah, alifikiria mwezi mzima kabla ya kukubali wauze mtamba mmoja. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimfunga mtamba kamba, akampeleka sokoni mwenyewe, akarudi na kumpa mkewe pesa.

Mpiga chapa alipokuwa anaandaa jalada, aliuliza namba ya ISBN, ile inayotambulisha kila kitabu, iko wapi. Chelagat hakujua ni kitu gani. Shantel alitafuta kwenye Facebook, akampata mwanamke anayeitwa Sue. Sue alikuwa na ofisi ndogo ghorofani katikati ya mji. Alivaa vizuri na aliongea kwa upole.

"Kitabu bila ISBN hakiingii dukani, mathe," Sue alimwambia Chelagat. "Mimi nitakutolea namba na ile mistari myeusi ya nyuma. Elfu kumi na mbili, siku mbili."

Chelagat aliona ni ghali, lakini hakuwa na mahali pa kulinganisha bei. Alituma pesa kwenye simu ya Sue. Risiti aliyopewa ilikuwa kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu. Siku mbili baadaye namba ikaja, ikawekwa kwenye jalada, na vitabu vikapigwa chapa.

Vitabu vilipofika Subukia vilijaza pembe nzima ya sebule. Jioni hiyo Chelagat alichukua kimoja, akakifungua, akakinusa. Hata Micah alikaa na kimoja mkononi, akasoma kurasa tatu za kwanza kwa sauti.

Habari njema ilikuja mapema. Chama kikuu cha ushirika kilikuwa kinaandaa mafunzo ya wafugaji, na mkubwa wa mafunzo, Bwana Kosgei, alikisoma kitabu akakipenda. Alitaka nakala mia mbili na hamsini. Lakini alieleza kwamba chama hakinunui vitabu sebuleni kwa mtu. Hununua kupitia duka la vitabu mjini Nakuru. Chelagat akipeleke kitabu dukani, duka likiandikishe, basi chama kitaagiza. Mafunzo yangeanza baada ya wiki tatu.

Jumatatu Chelagat aliomba ruhusa kazini, akaenda Nakuru na nakala kumi kwenye mfuko.

Duka lilikuwa kubwa. Kijana wa kaunta, Kipyegon, alimpokea kwa heshima. Aligeuza kitabu, akakisogeza mbele ya mashine inayosoma ile mistari. Mashine ikalia. Kipyegon akatazama kompyuta yake, akakunja uso, akajaribu tena.

"Mathe, hii kitabu ni ya nini?" aliuliza.

"Ya kulea ndama."

"Hapa inasema ni ya hesabu, darasa la sita."

Chelagat alidhani anataniwa. Kipyegon akageuza kompyuta ili naye aone. Kwenye kioo kulikuwa na kitabu cha hesabu chenye jalada la buluu. Mwandishi alikuwa mtu mwingine, na mchapishaji alikuwa kampuni ambayo Chelagat hakuwahi kuisikia. Kipyegon aliingia ghalani, akarudi na kitabu hicho chenyewe. Akaviweka viwili hivyo kifudifudi kwenye kaunta. Namba ya nyuma ilikuwa ileile, tarakimu kumi na tatu, bila tofauti hata moja.

Mwanamume aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alichungulia. Chelagat alihisi uso ukimwaka moto. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ndiye anayewashika watu waliotia maji kwenye maziwa. Sasa yeye alikuwa amesimama na mali isiyo yake, mbele za watu.

Kipyegon alishusha sauti. Alisema huenda mpiga chapa alikosea tarakimu moja. Alisema hawezi kukiingiza kitabu hicho, kwa sababu kila kikiuzwa, mashine ingehesabu kwamba kimeuzwa kitabu cha hesabu. Mwenye kitabu cha hesabu angelalamika, na angekuwa na haki. Akamshauri Chelagat aende kwanza amwone aliyempa namba, na akishindwa, aulize maktaba ya umma.

Chelagat alienda moja kwa moja hadi ofisi ya Sue. Sue hakushtuka. Alisema mashine za maduka zina shida, na kwamba namba ni ya kuonekana tu nyuma ya kitabu, wateja hawaisomi. Chelagat alipozidi kumtazama, Sue alibadilisha maneno. Alisema kuna namba nyingine, mpya kabisa, ya kutoka Nairobi. Angemtolea kwa elfu sita tu, bei ya rafiki, na kesho angekuwa nayo.

"Nitarudi," Chelagat alisema, akashuka ngazi.

Nyumbani siku hiyo hapakuwa na raha. Shantel alikuwa amekuja kutoka chuo, na aliposikia habari alilia. Alisema yeye ndiye aliyemleta Sue. Alisema aliona watu wengi wamemsifu Sue kwenye Facebook, naye hakuuliza zaidi.

Micah alivitazama vitabu vilivyojaa pembeni. Kisha akasema walipe hizo elfu sita. Mtamba alikuwa ameshaenda, alisema, na vitabu mia tano vimekaa hapo kama mawe. Mafunzo hayangewangoja. Kama elfu sita zitaondoa shida, wazitoe.

Chelagat alielewa. Yeye mwenyewe alikuwa ameshafikiria hivyo akiwa njiani. Lakini kuna kitu kilimkataza.

"Akinipa nyingine, nitajuaje si ya mtu mwingine tena?" aliuliza. "Ile ya kwanza pia alisema ni mpya."

Akawaeleza ushauri wa Kipyegon wa kuuliza maktaba ya umma. Wakakubaliana kwamba kabla ya kulipa, Chelagat na Shantel waende kwanza maktaba.

Katika maktaba ya umma walielekezwa kwa mwanamke anayeitwa Fardosa. Alikuwa amevaa hijabu ya kijani na miwani, na meza yake ilijaa vitabu vinavyosubiri kubandikwa namba za rafu. Alimsikiliza Chelagat hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akaomba kuona kitabu.

Chelagat alikuwa bado na tumaini moja. Alimweleza Fardosa maneno ya Kipyegon, kwamba huenda ni tarakimu moja iliyokosewa. Kama ni hivyo, basi namba yake halisi ipo, ni kuisahihisha tu.

"Hilo tunaweza kulipima sasa hivi," Fardosa alisema. "Unajua hesabu, mama?"

"Napokea maziwa ya watu mia tatu kila siku."

Fardosa alitabasamu, akampa kalamu na karatasi. Akamwambia aandike zile tarakimu kumi na tatu. Ya kwanza aiache ilivyo. Ya pili aizidishe kwa tatu. Ya tatu aiache. Ya nne aizidishe kwa tatu. Aende hivyohivyo mpaka mwisho, kisha ajumlishe zote. Jumla ikiishia na sifuri, namba imeandikwa sawasawa. Ikiishia na tarakimu nyingine yoyote, kuna mahali imekosewa au imebuniwa. Fardosa alisema tarakimu ya mwisho ya kila ISBN imewekwa kwa kazi hiyo tu, kuzilinda zile nyingine.

Chelagat aliandika polepole. Shantel alifuata kwa macho. Jumla ilitoka mia moja na ishirini.

"Inaishia na sifuri," Chelagat alisema, na kwa mara ya kwanza tangu jana alipumua vizuri.

"Ndiyo. Namba ni nzima," Fardosa alisema. "Haijakosewa mahali popote. Kwa hiyo ni ya kile kitabu cha hesabu, na ilinakiliwa kama ilivyo. Pole, mama. Si yako, na haiwezi kuwa yako."

Chelagat aliweka kalamu chini. Alikuwa ameuza mtamba, na kwenye kila kitabu kati ya vile mia tano kulikuwa na namba ya watu. Machozi yalimlenga lakini hakulia. Aliuliza swali ambalo lilikuwa limemsumbua usiku kucha.

"Hiyo namba halali inauzwa pesa ngapi?"

Fardosa alinyanyuka, akawapeleka kwenye ubao wa matangazo karibu na mlango. Kulikuwa na karatasi ya ada. Alisema hataki kumtajia kwa mdomo, kwa sababu ada hubadilika, na mtu anapaswa kuisoma mwenyewe kwenye karatasi au kwenye tovuti ya maktaba ya taifa, siku ile anayoomba. Chelagat alisogea, akasoma kwa kidole. Akarudia kusoma. Ada hiyo ilikuwa chini ya robo ya pesa alizompa Sue.

"Na hii ni pamoja na nini?"

"Ni namba yenyewe. Hakuna pesa ya haraka. Hakuna pesa ya mtu wa kati."

Walirudi mezani, na Fardosa akaeleza mambo mengine. Alieleza polepole, akingoja Shantel aandike.

Alisema kila nchi ina ofisi moja iliyopewa kazi ya kutoa namba hizi, na hapa Kenya ni maktaba ya taifa. Mtu yeyote anaweza kuomba. Si lazima awe na kampuni. Mwandishi anayelipia kitabu chake mwenyewe ndiye mchapishaji wa kitabu hicho, na jina lake ndilo litakaloandikwa. Hapo Chelagat aliuliza: je, kama Sue angempa namba halali kutoka kwenye namba zake mwenyewe? Fardosa alijibu kwamba hata hivyo kingekuwa kitabu cha Sue machoni pa maduka. Namba humtaja mchapishaji. Duka likitaka nakala mia, lingempigia Sue.

Alisema namba moja ni ya kitabu kimoja katika umbo moja. Kitabu cha karatasi kina namba yake. Akitaka pia kukiuza cha kusomwa kwenye simu, hicho kinahitaji namba nyingine. Akipiga chapa nakala zaidi bila kubadilisha kitu, namba inabaki ileile. Lakini akibadilisha yaliyomo, akaongeza sura au kusahihisha mambo makubwa, hilo ni toleo jipya, na linaombewa namba mpya.

"Na ile mistari myeusi?" Shantel aliuliza. "Sue alisema ndiyo iliyofanya bei ipande."

"Ile mistari ni namba hiyohiyo, imechorwa ili mashine isome," Fardosa alisema. "Ukishapata namba, kuna programu za bure za kuichora. Hata mpiga chapa wako anaweza."

Shantel aliinamisha kichwa. Fardosa aliliona hilo. Akasema kwamba kila mwezi huja watu wawili au watatu wenye shida kama yao, na wengine ni walimu na wachungaji. Si ujinga, alisema. Ni kwamba hakuna aliyewaambia.

Kisha alisema jambo ambalo Chelagat hakulitarajia. Alisema si kila kitabu kinahitaji ISBN. Mtu akiandika kijitabu cha kuwagawia watu wa kanisani, au historia ya ukoo ya kuwapa jamaa, anaweza kukaa bila namba na asipungukiwe na kitu. Namba inahitajika pale kitabu kinapotaka kuingia dukani, maktabani na kwenye maagizo ya watu wa mbali. Na namba haimzuii mtu kuiba maandishi yako. Hayo ni mambo ya hakimiliki, na yana ofisi yake.

Chelagat alimwuliza afanye nini na vitabu mia tano vilivyokwisha pigwa chapa. Alikuwa ameogopa kuuliza, maana alidhani ataambiwa avichome.

"Utabandika," Fardosa alisema. "Karatasi ya gundi juu ya namba mbaya, nyuma ya jalada. Na nyingine ndani, kwenye ukurasa wenye jina la mchapishaji. Ifunike kabisa, isionekane hata kidogo. Si vizuri kama kupiga chapa upya, lakini inakubalika."

Fomu waliijaza hapohapo, kwenye kompyuta ya maktaba. Jina la kitabu. Jina la mwandishi. Lugha. Kurasa ngapi. Karatasi au simu. Mwezi wa kutoka. Walipofika kwenye jina la mchapishaji, Shantel aliandika jina la mama yake. Fardosa aliwaonya kuhusu malipo. Pesa zinalipwa kwa namba ya malipo ya shirika lenyewe la maktaba ya taifa, na risiti hutoka kwa jina la shirika. Mtu yeyote akisema tuma kwa simu yangu, rudisha simu mfukoni. Akawakumbusha pia kwamba namba ikitoka na kitabu kikiwa tayari, sheria inataka nakala zipelekwe kuhifadhiwa katika maktaba ya taifa.

Micah alipopata habari hizo, aliuliza mara mbili kama ada ni ile kweli. Kisha akatoka nje akaenda kutazama ng'ombe. Aliporudi, alisema ni vizuri hawakulipa elfu sita. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake yote.

Chelagat alimpigia Sue akamwambia hataki namba nyingine. Anataka pesa zake. Hakumtukana. Alimweleza kwamba namba ni ya kitabu cha hesabu na kwamba ameshazungumza na watu wa maktaba. Sue akasema yeye pia alifundishwa kazi hiyo na mtu mwingine, na hakujua kuna ubaya. Huenda ilikuwa kweli, huenda haikuwa. Alituma elfu tatu siku hiyo. Baada ya hapo simu yake haikushikwa tena. Shantel aliandika habari yote kwenye ule ukurasa wa Facebook ambako Sue alikuwa akisifiwa, bila matusi, na akaeleza mahali namba halali zinapopatikana na kwamba ada yake imebandikwa ukutani.

Siku zilienda. Kila asubuhi Chelagat alipokea maziwa, na kila alipopata nafasi alitazama simu yake. Siku ya sita barua pepe ilifika. Ndani kulikuwa na tarakimu kumi na tatu. Kabla ya kumwambia mtu yeyote, alichukua karatasi, akazidisha, akajumlisha. Jumla iliishia na sifuri. Kisha akaitafuta namba hiyo kwenye mtandao kwa simu yake. Hakuona kitabu kingine chochote. Hapo ndipo akampigia Shantel.

Shantel alichora mistari kwa programu ya bure. Alitaka kuagiza karatasi elfu moja za gundi mara moja, lakini Chelagat alikataa. Alisema watengeneze moja tu kwanza. Walibandika kitabu kimoja na kukipeleka kwa Kipyegon.

Kipyegon alikisogeza mbele ya mashine. Mashine ikalia. Kioo kikabaki kitupu, na moyo wa Chelagat ukashuka.

"Hii ni sawa, mathe," Kipyegon alisema. "Imesoma namba. Haijui kitabu kwa sababu bado sijaiingiza. Ingekuwa inajua, hapo ndio tungekuwa na shida."

Akaandika jina la kitabu. Akaandika bei. Akauliza jina la mwandishi, akaandika. Akauliza mchapishaji, na Chelagat akasema ni yeye huyohuyo. Kipyegon akasogeza kitabu tena. Safari hii kioo kilijaa: *Ndama Asife*, na chini yake jina la Chelagat, mara mbili.

Jumapili baada ya ibada walikaa sebuleni, wote watatu, wakabandika. Karatasi za Micah zilienda upande. Shantel alimwambia, naye akajibu kwamba ng'ombe hawatapima kwa rula. Chelagat alicheka hadi akaweka kitabu chini. Walibandika hadi mikono ikanata gundi, na kabla ya giza kuingia vitabu mia tano vilikuwa tayari. Jumanne vilipelekwa Nakuru mia tatu. Bwana Kosgei akaagiza zile mia mbili na hamsini kupitia duka, siku nne kabla ya mafunzo kuanza. Nakala nyingine zilienda maktaba ya taifa, na mbili Chelagat alimpelekea Fardosa kwa mkono wake. Fardosa alizibandika namba ya rafu mbele yake.

Miezi miwili ikapita. Alhamisi moja, mchana, simu ya Chelagat iliita. Ilikuwa namba asiyoijua. Mpigaji alijitambulisha kwa jina la Jepleting. Alikuwa mfugaji kutoka Longonot, na namba ya simu aliitoa ndani ya *Ndama Asife*.

Chelagat alishangaa. Hakuwa na mtu Longonot. Alimwuliza amekipata wapi kitabu. Jepleting alisema jirani yake alihudhuria mafunzo na akamwazima, kisha huyo jirani akataka arudishiwe kitabu chake. Basi Jepleting akapiga picha ya jalada la nyuma, akaenda nayo duka la vitabu la Naivasha. Hawakuwa nacho. Lakini mwenye duka aliiandika ile namba, akaulizia Nakuru, na baada ya siku tatu kitabu kilikuwa kimefika.

Hakuwa amepiga simu kwa sababu hiyo, Jepleting alisema. Alikuwa na ndama wa wiki mbili anayeharisha. Amelala tangu asubuhi. Alikuwa amefungua ukurasa wa thelathini na moja, ule wa maji ya chumvi na sukari. Kitabu kinasema lita mbili. Hakisemi mara ngapi.

Chelagat alichukua kitabu, akafungua. Ilikuwa kweli. Alikuwa amesoma ukurasa huo labda mara hamsini, na hakuwahi kuona kwamba amesahau.

"Mara mbili hadi tatu kwa siku," alimwambia. "Mpe katikati ya maziwa, usichanganye na maziwa. Mweke mahali pakavu, umfunike. Na mpigie daktari wa mifugo sasa hivi, usingoje kesho."

Walipomaliza kuongea, alichukua kalamu, akaandika maneno hayo pembeni mwa ukurasa. Kisha akasoma kitabu chote tangu mwanzo, kama vile kimeandikwa na mtu mwingine, akitafuta mahali pengine alipomwacha msomaji gizani. Alipata sehemu nne. Jioni alimwandikia Fardosa kumwuliza kama masahihisho hayo ni makubwa kiasi cha kuhitaji namba mpya. Fardosa alijibu kwamba yakiwa mambo ya dawa na vipimo, ni toleo jipya, na aliombee namba yake. Chelagat hakuona uzito. Alijua ada iko wapi, na alijua fomu ina maswali mangapi.

Jumamosi asubuhi, akiwa kazini, simu ililia mlio mfupi. Jepleting alikuwa ametuma picha. Chelagat alijifuta mikono, akaomba mwenye mkebe aliyefuata amngoje kidogo. Ndama alikuwa amesimama kwenye nyasi kavu, miguu imeachana, amegeuza kichwa kumtazama aliyempiga picha.